Waraka wa Kutozeeka Bila Kibali

Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, hakuna mtumishi wa Mamlaka ya Uzee Bora atakayeruhusiwa kuzeeka bila kibali cha maandishi.

Tangazo hilo alilitoa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, uwanjani, mbele ya watumishi sitini na wanne, spika mbili, na bendera iliyojisokota kwenye mlingoti. Mkurugenzi alikuwa mtu wa mwili wa kutosha, mwenye sauti ya kujaza ukumbi hata akiwa nje. Alisema utafiti umeonyesha kwamba mtu akila ndani ya saa nane tu na kufunga saa kumi na sita zilizobaki, sukari mwilini hutulia, mafuta huyeyuka, na uzee hukosa mahali pa kukaa. Kwa hiyo Mamlaka imefungua rasmi Kipindi cha Kula, kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Nje ya hapo, kinywa cha mtumishi ni cha kusemea tu.

"Na baada ya miezi mitatu," alisema, "tutapimwa kwa mashine. Umri utakaosomwa na mashine ndio utakaokuwa umri wako, kwa madhumuni yote ya utumishi. Mambo ya vyeti vya kuzaliwa ni ya kizamani. Cheti kinajua ulizaliwa lini, lakini kinajuaje umeishije?"

Watumishi wakapiga makofi, kwa kuwa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi na makofi yalisaidia kuficha matumbo yaliyokuwa yakinguruma.

Mama Mafaili alikuwa mstari wa pili, akiandika kila neno. Hilo ndilo jina aliloitwa na ofisi nzima, na hata wifi zake walikuwa wameliokota huko na kulitumia. Alikuwa mtunza kumbukumbu, mwaka wa ishirini na nne kazini, umri miaka hamsini na miwili. Masijala yake ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu za chuma hadi dari, na meza ambayo mguu wake mmoja ulikaa juu ya kitabu cha mahudhurio cha zamani. Humo ndani hakuna karatasi iliyowahi kupotea. Kuna zilizowahi kuombwa zipotee, lakini hilo ni jambo jingine.

Kwa kuwa alitunza mafaili ya wote, alijua kwamba Mkurugenzi alikuwa na miaka hamsini na tisa na miezi minane, na kwamba umri wa kustaafu ni sitini. Hakufikiria lolote baya. Mama Mafaili hakuwa mtu wa kufikiria mabaya. Alikuwa mtu wa kufikiria tarehe.

Waraka ulianza kazi, na ni lazima isemwe kwamba ulitekelezwa kwa moyo. Iliundwa Kamati Ndogo ya Kutafuna, ambayo wajumbe wake walisimama getini kila asubuhi na kunusa pumzi za watumishi. Aliyenuka kitunguu aliandika maelezo. Aliyenuka dawa ya meno aliandika maelezo marefu zaidi, maana alikuwa na kitu cha kuficha. Biskuti za vikao ziliendelea kununuliwa, kwa sababu zilikuwa zimeshaidhinishwa. Zililetwa mezani kwenye sahani, zikahudhuria kikao mwanzo hadi mwisho, zikarudishwa kabatini. Katika kumbukumbu za vikao Mama Mafaili aliziandika chini ya "Waalikwa".

Mkurugenzi peke yake ndiye aliyekuwa na kazi za nje zisizoahirishika. Kila siku saa tatu asubuhi aliingia kwenye gari la ofisi, vioo vikapandishwa, na gari likabaki palepale kivulini kwa dakika ishirini na tano. Mpishi wa kantini ndiye aliyepeleka makabrasha ya safari hiyo, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Mayai mangapi leo?" Mama Mafaili alimuuliza siku moja, walipokutana mlangoni pa kantini.

"Mayai gani tena, shoga? Mimi napeleka nyaraka."

"Nyaraka zinatoa mvuke?"

"Za siri hutoa." Mpishi akacheka mpaka akashika nguzo. "Wewe endelea kufunga. Umebaki mifupa na miwani."

Muuguzi wa zahanati ya ofisi, kijana mpole aliyekuwa akisubiri maji ya moto, akatikisa kichwa. Yeye ndiye mtu pekee pale aliyewahi kuusoma huo utafiti. "Kufunga si kubaya," alisema. "Wapo kunaowasaidia. Uzito unapungua, sukari inakaa sawa. Lakini si kila mtu. Mwenye dawa za sukari akifunga kiholela anaweza kuanguka. Na mtu asiyelala, mwenye mawazo, halafu akaja kula kwa hasira ifikapo saa sita, huyo simwahidi chochote. Nilimwandikia Mkurugenzi hayo yote."

"Akasemaje?"

"Aliandika pembeni: 'Imesomwa. Matumaini yasivunjwe.'"

Mama Mafaili aliifahamu barua hiyo. Alikuwa ameshaiweka kwenye faili.

Yeye alifunga kwa haki. Mumewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na bintiye wa mwisho alikuwa mwaka wa pili chuoni, akibakiza miwili. Mshahara wa masijala ndio uliosomesha, uliolipa nyumba, ulionunua hata yale madaftari ya michoro ambayo mwalimu wa chuo aliyataka yawe na karatasi nzito. Hesabu ilikuwa rahisi: akifanya kazi hadi sitini kama kila mtu, mtoto anamaliza na mama anabakiwa na pumzi. Akisimama kabla, mtoto anarudi nyumbani.

Jioni alifika akiwa amechoka, akapika, na mara nyingi chakula kiliiva saa mbili na dakika tano. Hapo alikaa mbele ya sahani na kuitazama.

"Mama, kula," bintiye alimwambia, alipokuja likizo. "Nani anakuona hapa?"

"Najiona mwenyewe."

"Dakika tano!"

"Dakika tano ni dakika tano. Funika, nitakula kesho saa sita."

"Kesho saa sita kitakuwa kimechacha."

"Basi kitakuwa kimezeeka bila kibali," alisema Mama Mafaili, na bintiye hakujua kama acheke. Mama akaenda kulala na njaa, akageukageuka kitandani, akaamka macho mekundu. Alifunga hivyo miezi mitatu mfululizo bila kukosa siku.

Mashine ikaja. Ilikuwa mizani yenye vibati viwili vya kukanyaga kwa miguu mitupu na mishikio miwili ya mikono, na ikishafikiria kidogo ilitoa kikaratasi. Iliwekwa zahanati, nyuma ya pazia la kijani lililoishia magotini. Muuguzi alisimama pembeni, na Mama Mafaili alikaa kwenye kiti na kitabu kikubwa cha watumishi mapajani, akinakili majibu.

Mpishi, ambaye alikuwa akionja masufuria tangu alfajiri kwa mujibu wa kazi yake, alipata miaka hamsini na minane. Akatoka akijipepea. "Nimeponea chupuchupu! Miwili tu!"

Mama Mafaili alipanda, akashika, akasubiri. Kikaratasi kikatoka: sitini na moja.

Akakisoma mara mbili. Akakigeuza kutazama nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

"Mama, hiyo mashine inakisia tu," muuguzi alinong'ona. "Inapima maji na mafuta, halafu inabuni. Na wewe hulali. Turudie wiki ijayo."

"Waraka unasema kurudia?"

"Hausemi."

"Basi." Akarudi kwenye kiti, akachukua kalamu, na katika mstari wenye jina lake akakata hamsini na mbili kwa rula, akaandika sitini na moja. Ila ilimbidi akae kidogo kabla ya kumwita anayefuata, maana macho yalikuwa yakiona rafu za chuma na nyuma yake mtoto akiburura sanduku kurudi nyumbani.

Anayefuata alikuwa Mkurugenzi Mkuu. Alifika na dereva wake, kijana mwembamba aliyecheza mpira kila jioni. Dereva aliingia kwanza nyuma ya pazia kutundika koti la mkubwa, na hakutoka. Kisha Mkurugenzi akaingia, akamwomba muuguzi asogee kwa ajili ya faragha ya kiofisi.

Chini ya pazia ikaonekana miguu minne. Miwili ilikuwa na viatu vyeusi vilivyong'arishwa, imesimama kando. Miwili ilikuwa mitupu, myembamba, imekanyaga vibati.

Mama Mafaili alihesabu tena. Minne. Akamtazama muuguzi; muuguzi alikuwa akisoma kwa makini tangazo la kunawa mikono.

"Kumi na tisa!" sauti ikanguruma nyuma ya pazia. Mkurugenzi akatoka, viatu mguuni, kikaratasi juu, uso ukimeremeta. Dereva akafuata na koti, akitazama dari. "Andika, Mama Mafaili! Kumi na tisa! Mmeona nidhamu inavyolipa?"

Kitabu kilikuwa na safu ya umri. Hakikuwa na safu ya miguu. Mama Mafaili akaandika kumi na tisa, akageuza kitabu, na Mkurugenzi akaweka saini pembeni kuthibitisha kwamba majibu ni yake.

Kesho yake ikatoka amri: wote waliosomeka sitini na kuendelea wapewe barua za kustaafu mara moja. Kwa kuwa ni kazi ya masijala kuandaa barua, Mama Mafaili alitafuta orodha ya wahusika, akamkuta mmoja. Akajiandikia: "Ndugu, unaarifiwa kwa heshima..." Akapiga nakala tatu, akazipeleka juu.

Mkurugenzi alikuwa akitazama taswira yake kwenye kioo cha kabati. Alisaini bila kukaa.

"Mzee," alisema Mama Mafaili, "nina mtoto chuoni. Amebakiza miaka miwili. Naomba nirudie kupimwa."

"Bibi yangu, mimi ningekuwa na uwezo..." Akafungua mikono. "Lakini sheria ni msumeno, na mimi ndiye niliyeushika. Leo nikikuonea huruma wewe, kesho kila mtu atataka kuwa kijana. Nenda kapumzike. Umri wako unahitaji jua la asubuhi."

"Naondoka lini?"

"Mwisho wa wiki. Uache kitabu kikiwa safi."

Akashuka ngazi taratibu. Akajipokelea barua kwa mhuri, akaiweka kwenye faili lake. Kisha akafunga mlango wa masijala na kulia kwa muda wa dakika nne, kama mtu anayejua ana kazi nyingine.

Kazi nyingine ilikuwa kukiacha kitabu kikiwa safi.

Baada ya safu ya umri, kitabu kina safu ya mwaka wa kuzaliwa, na baada yake safu ya miaka ya utumishi. Mama Mafaili akaenda mstari kwa mstari. Mpishi, sawa. Dereva, sawa. Alipofika kwa Mkurugenzi Mkuu, akatoa kumi na tisa kwenye mwaka huu, akapata mwaka wa kuzaliwa. Akatazama tarehe ya kuajiriwa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mkurugenzi alikuwa ameajiriwa miaka kumi na minne kabla ya kuzaliwa.

Mtu mwingine angefunika kitabu. Mama Mafaili alikuwa ameambiwa kiwe safi, na hiki hakikuwa safi. Akafungua kanuni za utumishi. Mkuu wa ofisi asipungue miaka arobaini. Mwenye kusaini barua za ajira na kustaafu asipungue miaka ishirini na mitano. Akachukua karatasi, akaiandikia Bodi, ambayo kwa utaratibu hupelekewa taarifa ya mabadiliko ya kumbukumbu. Aliandika mistari mitano tu, bila neno la ukali, na mwishoni: "Naomba mwongozo, ili niache kitabu katika hali nzuri."

Alhamisi Mwenyekiti wa Bodi akafika mwenyewe. Alikuwa hakimu mstaafu, mama wa miaka sabini na mmoja, mfupi, mwenye mkoba mkubwa na desturi ya kumsikiliza mtu hadi amalize kujiharibia. Kikao kikaitwa saa nne asubuhi. Biskuti zikahudhuria.

Mwenyekiti akachukua moja, akaila. Chumba kizima kikashusha pumzi.

"Mimi si mtumishi," alisema, akipangusa vidole. "Haya. Nani aliyeandika barua hii?"

Mama Mafaili akasimama.

"Kaa, mwanangu, huna kosa. Mkurugenzi, umesoma?"

"Mheshimiwa, huyu mama ana uchungu wa kustaafu. Hesabu zake ni za kitoto."

"Kumi na tisa si zako?"

Mkurugenzi akakohoa. "Ni zangu. Ila ni za... za kiafya."

"Waraka wako unasema kwa madhumuni yote ya utumishi. Uliusaini mwenyewe?"

"Niliusaini, Mheshimiwa. Basi naomba na waraka ufutwe, ulikuwa wa majaribio."

"Haufutiki kirahisi hivyo. Ulipousaini ulikuwa na miaka hamsini na tisa, na akili timamu. Ni halali kabisa." Akamgeukia muuguzi. "Daktari, mtu wa miaka hamsini na tisa anaweza kusomeka kumi na tisa kwa kutokula asubuhi?"

"Mimi ni muuguzi, Mheshimiwa. Sijawahi kuona. Miaka miwili, mitatu, labda. Mashine yenyewe inabuni."

"Kwa hiyo huenda kuna kosa. Mkurugenzi, nakupa nafasi." Sauti yake ikawa laini kabisa, na waliomfahamu tangu mahakamani wangejua hapo ndipo pa kuogopa. "Pengine majibu haya si yako? Pengine aliyepanda ni mtu mwingine? Sema tu. Tutayafuta, tutaandika kwamba kulikuwa na udanganyifu, tutatafuta nani aliufanya, na wewe utarudi kwenye hamsini na tisa na miezi kumi na moja."

Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo, alianza kuzihesabu. Zilikuwa mbili.

Mkurugenzi akatazama dirisha, akatazama biskuti. "Ni yangu," alisema. "Mia kwa mia."

"Iandikwe," alisema Mwenyekiti, na Mama Mafaili akaandika. "Basi sikilizeni. Mkurugenzi hafukuzwi, maana hana kosa. Ni mdogo tu. Hastaafu, maana hajafika. Nafasi yake haiko wazi, kwa hiyo hateuliwi mwingine. Bodi itaangalia mambo makubwa. Barua za kustaafu za watumishi Bodi haizisaini. Hiyo ni kazi ya Mkurugenzi, atakapofikisha umri. Ile aliyoisaini juzi akiwa na miaka kumi na tisa ni karatasi ya kufungia vitafunwa. Mama Mafaili, rudi kazini kwako."

"Hadi lini, Mheshimiwa?"

"Mpaka huyu akue."

Mpishi, aliyekuwa akipita na birika, alilazimika kuinama nyuma ya mlango.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema, jasho likimtiririka, "mimi nifanye nini sasa?"

"Ulitaka kubaki kazini, au sivyo? Umepata miaka arobaini na mmoja. Vijana wa umri wako tunawaanzia mafunzoni. Masijala ina vumbi."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu, Mkurugenzi alipewa koti la kijivu la wanafunzi wa kazi, ambalo halikufunga vifungo, na ngazi fupi ya kufikia rafu za juu. Gari la ofisi lilirudishwa, kwa kuwa aliye mafunzoni hana safari. Hivyo kwa mara ya kwanza tangu waraka utoke, alifunga. Ilipofika saa tatu alikuwa ameegemea rafu ya herufi M, akipumua kwa mdomo. Mama Mafaili, ambaye usiku huo alikuwa amelala vizuri, alimwambia amwone muuguzi kama kichwa kinazunguka, lakini asiegemee mafaili.

Ilibaki fomu moja. Mwanafunzi wa kazi aliye chini ya miaka ishirini na moja lazima awe na mlezi wa kumsainia. Mkurugenzi aliipeleka kwanza kwa mkewe. Mkewe aliisoma akiwa amesimama, akasema kwamba ndoa yao ina miaka thelathini na mmoja, na kabla ya kusaini chochote angependa kujua aliolewa na nani miaka ile kumi na miwili ya mwanzo. Akamrudishia fomu. Katika ofisi nzima, kwa mujibu wa kitabu, mtu pekee mwenye umri wa kutosha kuitwa mlezi wake bila maswali alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Akaileta mezani kwake, ameishika kwa mikono miwili.

"Mama," alisema.

"Lete." Akaisoma yote, kama asomavyo kila karatasi. Jina, sawa. Anwani, sawa. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja: Mlezi anathibitisha kwamba mwombaji ni mkweli. Ndiyo. Hapana. Kata lisilohusika.

Mama Mafaili akafungua kalamu, akaweka rula. Katika miaka ishirini na minne hajawahi kuandika uongo kwenye karatasi ya ofisi.

"Nikate lipi?"

Mkurugenzi akatazama sakafu. Huko nje mtu alikuwa akicheka na mpishi. Akapangusa kwa kiganja vumbi lililokuwa limeshaanza kurudi mezani.

"Kata ndiyo," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo isingejaza hata droo. "Mimi si mkweli."

Mama Mafaili akainua kalamu, akaisimamisha hewani. Akamtazama juu ya miwani kwa muda. Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kwake tangu aajiriwe, na sasa kukata "ndiyo" kusingekuwa sahihi, na kukata "hapana" pia.

Akaifunga kalamu, akaiweka fomu kwenye trei ya yanayosubiri, akamwonyesha rafu ya juu ambayo hajaigusa.